Gavana Republican au Demokrati, nani anapunguza ukosefu wa ajira? Tuyaangalie majimbo ya Marekani yenyewe

Mlima Wetu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Huu mjadala unarudi rudi kwenye magrupu ya diaspora kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia. Mtu anashea ramani ya majimbo, mekundu ni ya gavana Republican, ya bluu ni ya Demokrati, chini kimeandikwa majimbo yenye gavana wa chama fulani yana ukosefu wa ajira mdogo, basi hapo moto unawaka, huyu anasema ndio maana watu wanakimbilia Texas, yule anasema acheni uongo. Mimi linaniuma kwa sababu kuna watu wanahama jimbo na watoto wao kwa kufuata ramani za namna hiyo, na kuna waliopata uraia juzi juzi tu wanaenda kupiga kura ya kwanza maishani wakiwa na hiyo ramani kichwani. Tulichambue taratibu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Chama cha gavana kina uzito mdogo sana kwenye kiwango cha ukosefu wa ajira. Kinachoamua ni uchumi wa jimbo umesimama juu ya nini, nchi nzima iko kwenye hali gani, na gavana kaingia ofisini wakati gani. Yapo maamuzi ya gavana yanayogusa ajira, tena mengine yanagusa kweli kweli, ila hayo inabidi uyaangalie moja moja, ukisoma chama tu hujajua kitu.

Tuanze na Michigan maana ndio jimbo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Jennifer Granholm wa Democratic aliingia Januari 2003 akatoka mwishoni mwa 2010, na 2009 ukosefu wa ajira pale ulivuka asilimia 14. Januari 2011 akaingia Rick Snyder wa Republican na kufikia 2015 kiwango kilikuwa karibu asilimia 5. Ukiishia hapo unasema haya, Republican kaliokoa jimbo. Sasa rudi nyuma. Kampuni ya magari ya Chrysler ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika tarehe 30 Aprili 2009, GM, kampuni nyingine ya magari, ikafuata tarehe 1 Juni mwaka huohuo, na ukishaangusha hao wawili viwanda vidogo vya vipuri navyo vinasimama, migahawa ya karibu na viwanda inafungwa, fundi wa kupaka rangi nyumba hapigiwi simu. Hela ya kuziokoa hizo kampuni ilitoka Washington, alianza George W. Bush Desemba 2008, Obama akaendeleza, zikafika kama dola bilioni 80. Hakuna gavana yeyote Marekani mwenye mfuko wa hivyo. Na tena kiwango kilianza kushuka Granholm akiwa bado ofisini, Snyder alipokula kiapo kilikuwa kimeshateremka mpaka kama asilimia 11.

Sasa vuka uende California. Arnold Schwarzenegger, Republican, aliondoka Januari 2011 akiacha ukosefu wa ajira zaidi ya asilimia 12. Akaingia Jerry Brown, Demokrati, akakaa mpaka Januari 2019, akaacha asilimia kama 4. Mwezi uleule wa kuapishwa, mwendo uleule wa grafu, vyama vimegeuzwa tu. Kama Republican ndiye aliyeiokoa Michigan basi tukubali na Demokrati ndiye aliyeiokoa California, na hapo hoja nzima ya chama imekufa.

Halafu kuna Nevada, hii naipenda zaidi. Jim Gibbons, Republican, jimbo likafika kati ya asilimia 13 na 14 mwaka 2010, bei za nyumba zimeporomoka, ujenzi umesimama, Las Vegas watalii wamebana matumizi. Akaja Brian Sandoval, Republican vilevile, akaondoka Januari 2019 kiwango kikiwa asilimia 4 na kitu. Chama hakikubadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni kwamba Wamarekani walianza tena kununua nyumba na kwenda Vegas kutumia hela.

North Dakota nayo. Oktoba 2009 Marekani nzima iko asilimia 10, wao wako kwenye 4 hivi, baadaye wakashuka chini ya 3. Magavana Republican, John Hoeven halafu Jack Dalrymple, wakasifiwa mno. Lakini chini ya ardhi ya kule kuna mafuta ya Bakken, teknolojia ya kupasua miamba ikafanya yachimbike, na bei ya pipa ikawa juu ya dola 100, vijana wakatoka majimbo mengine wanalala kwenye magari kwa sababu nyumba hazitoshi. Bei ilipoanguka kuanzia 2014 mpaka chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, kazi zikapotea kwa maelfu chini ya chama kilekile. Na hapo kuna jambo la kulishika vizuri, kiwango cha North Dakota hakikupanda sana hata wakati huo, kwa sababu waliokosa kazi walifunga mizigo wakarudi kwao, hawakubaki pale wahesabiwe.

Huko 2012 ilisambaa hoja kwamba majimbo yote yaliyochagua magavana wapya wa Republican kwenye uchaguzi wa Novemba 2010 yalikuwa yameshusha ukosefu wa ajira, kwa hiyo dawa imepatikana. Kushuka ni kweli yalishuka. Ila nchi nzima ilikuwa inashuka, na majimbo yaliyopata Wademokrati wapya mengi nayo yalishuka. Na kati ya yale ya Republican kulikuwa na Michigan, Nevada na Florida ambayo yalikuwa yameumia kuliko wengine, na jimbo lililotumbukia mbali zaidi ndilo lenye umbali mrefu zaidi wa kurudi, hata kama ofisi ya gavana ingekaa wazi.

Nimalizie na majirani wawili maana hapa ndipo unapata kipimo kizuri. Wisconsin na Minnesota wamepakana, baridi moja, maziwa na jibini huku, mahindi kule, watu wanavuka mpaka kila asubuhi kwenda kazini. Januari 2011 Wisconsin akaingia Scott Walker, Republican, akavunja nguvu ya vyama vya wafanyakazi wa umma kwa sheria ya Act 10. Minnesota siku zilezile akaingia Mark Dayton, Demokrati, 2013 akapandisha kodi ya matajiri mpaka asilimia 9.85. Sera mbili zinazoangaliana uso kwa uso. Mwisho wa mbio, 2018, yote mawili yako kwenye asilimia 3 au chini yake kidogo. Walker alikuwa ameahidi ajira 250,000 kwenye muhula wa kwanza na hakufika, lakini ukiangalia kiwango cha ukosefu wa ajira peke yake huwezi kujua nani alitawala wapi.

Karibuni tujadili, mwenye data alete data.

Kamanda wa Boksi

Mkuu heshima kwako, umeandika vizuri ila Texas umeiruka makusudi. Mimi niko Dallas miaka mingi nabeba boksi kwenye maghala, nakwambia kila nikipita highway naona jengo jipya, kampuni zinatoka California zinakuja huku. Hakuna kodi ya mapato ya jimbo, ardhi ipo, vibali haraka. Republican wameshika ofisi ya gavana tangu Bush aingie Januari 1995 hawajaiachia. Sasa utaniambia chama hakihusiki?

Mlima Wetu

Kamanda nashukuru, na wala sipingi unachokiona barabarani. Texas inazalisha ajira nyingi sana hiyo haina ubishi. Ila swali la uzi ni kiwango cha ukosefu wa ajira, na ukichukua kiwango cha Texas miaka mingi kinatembea karibu karibu na cha nchi nzima, mara kidogo juu mara kidogo chini. Inawezekanaje, ajira nyingi halafu kiwango cha kawaida? Ni kwa sababu na watu wanamiminika. Ajira inaongezeka na watafuta ajira wanaongezeka, asilimia inabaki palepale. Kwa hiyo hata jimbo linalofanya vizuri unaweza usilione kwenye hiyo namba.

Kuhusu kodi, Texas haikuwa na kodi ya mapato hata enzi za Ann Richards, Demokrati, kabla ya Bush. Na nenda jimbo la Washington, Seattle kule, magavana ni Wademokrati mfululizo tangu Januari 1985 na mshahara wako jimbo halikati kodi ya mapato. Kwa hiyo hilo ni jambo la historia ya jimbo, chama kimelikuta.

Hapo hapo nikutajie Kansas. Sam Brownback, Republican, alikata kodi kwa kishindo 2012 akisema uchumi utaruka. Mapato ya serikali yakapungua, shule zikalia, na 2017 bunge la jimbo lenye Warepublican wengi likafuta makato yale na kuishinda kura yake ya turufu. Miaka yote hiyo ukosefu wa ajira Kansas ulikuwa chini ya wa nchi nzima, na kufikia 2015 ulikuwa kama asilimia 4 hivi. Mtu wa ramani angesema Kansas mambo safi. Walimu wa kule wangekuambia kitu kingine.

Binti Pangani

Naomba nichangie kuhusu Corona maana hapo mimi naona gavana alihusika moja kwa moja. Nilikuwa Nevada 2020, hoteli na kasino zilifungwa kwa amri ya gavana, na alikuwa Demokrati, Steve Sisolak. Tulikaa nyumbani, majirani wote hawana kazi, mfumo wa kuomba fidia ya kukosa kazi umezidiwa, simu haipokelewi. Majimbo ya Republican yalifungua mapema. Huwezi kusema chama hakikuwa na mchango.

Mlima Wetu

Dada pole sana kwa uliyopitia, Nevada Aprili 2020 ilifika karibu asilimia 30, hakuna jimbo lililoumia kama lile. Na nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, kipindi kile gavana alikuwa na mamlaka ambayo siku za kawaida hana, amri yake moja inafunga mji.

Ila tazama nani wengine walikuwa juu mwezi ule. Hawaii, kwa sababu ndege za watalii zilisimama. Michigan, kwa sababu viwanda vya magari vilifunga. Vyote vinaenda na aina ya uchumi. Hata Las Vegas ingeachwa wazi kabisa, nani angepanda ndege Aprili 2020 kwenda kucheza kamari? South Dakota gavana Kristi Noem, Republican, hakutoa amri ya jimbo zima ya watu kubaki nyumbani, na bado ukosefu wa ajira ulipanda mara mbili na zaidi mwezi ule. Haukupanda kama wa Nevada, kwa sababu ng'ombe na soya hazifungwi.

Sehemu ambayo chama kilionekana waziwazi ni kiangazi cha 2021. Serikali kuu ilikuwa inatoa nyongeza ya dola 300 kwa wiki kwa wasio na kazi mpaka Septemba. Majimbo kama nusu yakaikata mapema kuanzia Juni, na yote yalikuwa na gavana Republican isipokuwa Louisiana ya John Bel Edwards. Hapo chama kimeamua jambo. Walisema watu watarudi kazini haraka. Wachumi walipofuatilia waliokatiwa, wachache walipata kazi na wengi walibaki bila kazi na bila ile hela, matumizi ya familia zao yakashuka. Kwa mtu aliyekatiwa hilo ni jambo kubwa mno hata kama kwenye asilimia ya jimbo halionekani sana.

Fundi Saa

Mi nauliza swali la msingi, hiyo asilimia inatoka wapi? Maana mimi naijua ni idadi ya watu wanaochukua fidia ya kukosa kazi. Sasa gavana si anaweza tu kubana fidia, namba ikashuka, akajisifu?

Mlima Wetu

Swali zuri sana Fundi Saa, na wengi wanadhani hivyo. Hapana, haitokani na fidia moja kwa moja. Kuna dodoso la kila mwezi la kaya kama 60,000 nchi nzima, mtu anaulizwa ulifanya kazi wiki ile, kama hukufanya je umetafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita na uko tayari kuanza? Ukisema umetafuta unahesabiwa huna ajira. Ukisema nimekata tamaa nimeacha kutafuta, unatoka kabisa kwenye hesabu, sio mwenye kazi wala asiye na kazi. Kwa majimbo sampuli inakuwa ndogo kwa hiyo wanaongezea hesabu za kitaalamu, halafu kila mwaka wanazisahihisha. Kwa hiyo mtu anayeshangilia kushuka kwa 0.1 mwezi mmoja anashangilia kitu ambacho kinaweza kufutwa mwakani.

Ila wasiwasi wako una msingi kwa njia ya kuzunguka. North Carolina, Julai 2013, chini ya Pat McCrory wa Republican, walipunguza fidia ya juu kutoka dola 535 kwa wiki mpaka 350, na muda kutoka wiki 26 mpaka 20, na kwa kufanya hivyo wakapoteza na ile fidia ya muda mrefu iliyokuwa inalipwa na serikali kuu. Ukosefu wa ajira ukashuka haraka. Upande mmoja ukasema mnaona, watu wamerudi kazini. Upande wa pili ukasema wengi wameacha kutafuta, kwa sababu ili ulipwe fidia lazima uonyeshe unatafuta kazi, fidia ikikatwa sharti la kutafuta nalo limekwisha. Wachumi walibishana sana juu ya hilo. Ndio maana mimi kila nikiona kiwango kimeshuka nauliza kwanza, wenye kazi wameongezeka au watafutaji wamepungua? West Virginia kwa mfano, ni kama nusu tu na kidogo juu ya watu wazima walio kwenye soko la ajira, wengine ni wazee, wagonjwa, waliovunjwa migongo na migodi ya makaa. Wao kwenye asilimia hawamo.

Na kwa kuwa nimeitaja West Virginia, kulikuwa na gavana Jim Justice pale. Alichaguliwa Novemba 2016 kama Demokrati, Agosti 2017 akapanda jukwaani na Trump akatangaza amehamia Republican. Gavana ni yuleyule, makaa ya mawe yaleyale, ofisi ileile, chama kimegeuka jioni moja. Nendeni mkaitafute hiyo Agosti kwenye grafu ya ajira ya jimbo, haionekani.

Kamanda wa Boksi

Hiyo ya Justice nilikuwa siijui, nimekwenda kuangalia ni kweli. Ila bado mkuu, hakuna watu waliofanya utafiti wa majimbo yote kwa miaka mingi? Hii ya kuchukua jimbo moja moja kila mtu anachagua linalomfaa.

Mlima Wetu

Wapo, na una haki ya kudai hilo. Anayetajwa sana ni Andrew Leigh, mchumi wa Australia ambaye baadaye akawa mbunge kwao. Alichukua majimbo ya Marekani kuanzia 1941 mpaka 2002, akapima vitu 32, kodi, mishahara, magereza, uhalifu, ukosefu wa ajira na mengineyo. Kwenye vitu 26 hakukuta tofauti ya maana kati ya gavana Republican na Demokrati. Kwenye vichache alivyokuta tofauti, ukosefu wa ajira ulikuwamo, ulikuwa chini kidogo kwa Wademokrati. Nalisema hili wazi ili nisionekane nimeficha.

Utauliza, si inawezekana majimbo yenye hali nzuri ndiyo yanayochagua Wademokrati? Ndiyo maana aliangalia pia chaguzi zilizobanana, mtu kashinda kwa kura chache sana. Jimbo ambalo Demokrati kapata asilimia 50.3 na jimbo ambalo kapata 49.7 ni majimbo yanayofanana, nani kashinda ni bahati tu, kwa hiyo ukiyalinganisha hayo unapata picha safi zaidi ya kazi ya chama. Na hitimisho lake ni kwamba magavana wakishaingia ofisini wanatawala kwa namna inayofanana kuliko wanavyoongea kwenye kampeni.

Kwa nini wafanane? Fikiria gavana ana nini mkononi. Riba inapangwa na benki kuu ya Marekani, sio yeye. Hana mamlaka ya kuchapisha hela. Ushuru wa bidhaa kutoka China sio wake. Karibu majimbo yote sheria inayalazimisha bajeti ilingane, kwa hiyo uchumi ukianguka na mapato yakapungua, gavana anapunguza walimu na askari wakati uleule watu wanahitaji ajira, awe bluu awe mwekundu. Na bunge la jimbo je? Kentucky gavana Andy Beshear ni Demokrati lakini bunge lote limeshikwa na Warepublican, na kule kura yake ya turufu inashindwa kwa wingi wa kawaida tu wa wabunge. Vermont ni kinyume, Phil Scott ni Republican na bunge ni la Wademokrati. Ukichora ramani utaipaka Kentucky rangi gani?

Mzee wa Nyali

Vijana nawasoma kutoka Mombasa. Hapa kwetu Kenya tangu 2013 tuna magavana 47, na kila kampeni wanatuahidi ajira. Mimi nawaambia wenzangu, waulizeni kwanza bandari ni ya nani. Bandari ya Mombasa iko chini ya serikali ya kitaifa. 2019 mizigo ilipolazimishwa kupanda reli mpya ya SGR kwenda kutolewa Nairobi, baadaye na Naivasha, madereva wa malori, makuli, wenye vibanda vya chakula Changamwe na Miritini waliumia, watu wakaandamana barabarani. Gavana Joho wa ODM angefanya nini? Hata angekuwa wa Jubilee, chama cha rais wakati huo, amri ingekuwa ileile. Ikabadilishwa Septemba 2022 na rais mpya, tena sio na gavana. Kaunti inapewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, wanashughulika na masoko, leseni, kilimo, vyuo vya ufundi. Hapo ndipo gavana wetu apimwe.

Mlima Wetu

Shikamoo mzee wangu, umeleta mfano mzito kuliko wa kwangu. Na huo wa bandari unafanana kabisa na Maryland na Virginia. Haya mawili yamezunguka Washington, watu wengi sana wameajiriwa na serikali kuu au na kampuni zinazoihudumia, na kwa hiyo ukosefu wa ajira ulikuwa chini miaka mingi, Maryland ikapita kwa Larry Hogan wa Republican ikaenda kwa Wes Moore wa Democratic 2023 na mwaka huo bado ilikuwa miongoni mwa zilizo chini kabisa nchini. Halafu 2025 serikali kuu ikaanza kupunguza wafanyakazi wake kwa wingi, na maumivu yakafika Maryland kwa Moore na Virginia kwa Glenn Youngkin wa Republican. Uamuzi umefanyika Ikulu ya Washington, wanaoulizwa ni magavana.

Kwetu Tanzania hili swali halipo kabisa maana mkuu wa mkoa anateuliwa na rais, hakuna vyama viwili vya kulinganisha.

Binti Pangani

Sasa kaka naomba unisaidie kwa vitendo. Mdogo wangu amepata leseni ya unesi, RN yaani nesi aliyesajiliwa, yuko New York, anataka kuhama, kila mtu anamwambia nenda majimbo ya Republican kazi zipo. Aangalie nini?

Mlima Wetu

Dada, rangi ya gavana aiweke kando. Kwanza namba ya jimbo zima haimsaidii, Ofisi ya Takwimu za Kazi inatoa mpaka za miji mikubwa kila mwezi, aangalie mji anaotaka kwenda. Illinois jimbo lina kiwango kimoja lakini Chicago na miji midogo ya kusini ni dunia mbili tofauti.

Pili aangalie sekta yake. Unesi unafuata wazee na hospitali, haufuati mafuta wala kasino. Iowa kwa mfano ukosefu wa ajira umekuwa chini kwa Tom Vilsack na Chet Culver, Wademokrati, ukawa chini kwa Terry Branstad na Kim Reynolds, Warepublican, kwa sababu ni kilimo, viwanda vya nyama, bima kule Des Moines, na idadi ya watu haikui haraka. Jimbo lenye wazee wengi na vijana wachache namna hiyo linatafuta manesi muda wote.

Tatu leseni, na hapa ndipo maamuzi ya jimbo yanamgusa yeye binafsi kuliko kitu kingine chochote nilichoandika humu. Kuna mkataba wa majimbo zaidi ya 40 ambao nesi wa RN mwenye leseni ya jimbo moja la mkataba anaruhusiwa kufanya kazi mengine yote ya mkataba. New York aliko na California hazimo. Kwa hiyo akihamia jimbo la mkataba, tuseme Iowa au Texas, aombe leseni ya mkataba akishakuwa mkazi wa pale, na kabla ya kufunga mizigo aandikie bodi ya manesi ya jimbo hilo aulize wanachukua muda gani kuitoa, maana ndugu zetu wengi wanafika wanalipa kodi ya nyumba huku wanasubiri karatasi na hawawezi kuingia hata zamu moja.